Ruzuku: Lipi Kweli, Lipi Uongo

Tangazo la ruzuku likitoka asubuhi, jioni limeshazunguka makundi yote ya WhatsApp mjini, na maneno yanakuja nyuma yake. Huyu anasema pesa hizo zina wenyewe. Yule anasema ukitoa kitu kidogo unapita. Mwingine anakesha akiandika mradi ambao mpaka jana hakuwahi kuufikiria. Maneno haya yanaumiza watu. Vipo vikundi vinavyofanya kazi nzuri ambavyo havijawahi kuomba hata mara moja kwa sababu viliambiwa havina lolote la kupata. Wapo pia waliotoa akiba yao kulipia ruzuku ambayo haikuwahi kuwapo.

Tuyachukue moja moja yale yanayosemwa sana, tuone lipi linasimama. Kabla ya hapo tushike jambo moja: ruzuku ni makubaliano ya kazi. Mwenye pesa ana tatizo analotaka lipungue, na wewe una kazi inayolipunguza. Karibu kila kosa linalofanywa katika kuomba linatokana na kulisahau hilo.

Dai la 1: "Ruzuku ni pesa ya bure."

Si kweli. Ni pesa isiyorudishwa, lakini ina masharti. Ukishinda unasaini mkataba unaotaja shughuli, muda, bajeti na taarifa utakazotoa. Mara nyingi pesa huja kwa awamu: unapokea ya kwanza, unafanya kazi, unaleta marejesho yenye stakabadhi, ndipo ya pili inatoka. Ukitumia nje ya bajeti bila ruhusa ya maandishi, unaweza kudaiwa, na kilichobaki mradi ukiisha kwa kawaida hurudishwa.

Kwa hiyo kabla ya kuomba, kikundi kijiulize: mweka hazina wetu anaweza kuonyesha shilingi ya Januari ilikwenda wapi? Kama jibu ni hapana, anzeni hapo.

Dai la 2: "Ukilipa ada ya usajili, jina lako linapita haraka."

Uongo, na ni utapeli. Ujumbe wake unajulikana: unapongezwa kwa kuchaguliwa kupata mamilioni ambayo hukuyaomba, kisha unatakiwa kutuma elfu kadhaa "za kufungua faili" kwenye namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mtu binafsi. Ukituma, inakuja ada nyingine ya benki, halafu ya mwanasheria, hadi utakapochoka au pesa zitakapokwisha.

Wafadhili wanaojulikana hawaendi hivyo. Kuomba kwa Tony Elumelu Foundation, taasisi ya Nigeria inayotoa mitaji kwa wajasiriamali wa nchi zote za Afrika, ni bure, na maombi hupokelewa kwenye tovuti yake yenyewe. Umoja wa Mataifa umeonya mara nyingi kwamba hautozi ada kwa anayeomba ruzuku. Hata kujisajili katika mfumo wa serikali ya Marekani kwa ajili ya fedha zake hakulipiwi, ingawa wapo mawakala wanaotoza watu kwa kazi hiyo wakijifanya ndio mlango.

Usimwamini anayekuharakisha, asiye na mwongozo wa maandishi, anayetumia barua pepe ya kawaida badala ya ile ya taasisi, au anayetaka namba yako ya siri ya simu. Mfadhili wa kweli anatoa pesa. Anayekuomba utangulize yako anaiba.

Dai la 3: "Kama huna mtu ndani, hupati."

Si kweli kwa sehemu kubwa. Upendeleo upo mahali pengi duniani, na ukiuona una haki ya kuulalamikia. Lakini fedha nyingi za ushindani huamuliwa na jopo linalotoa alama kwa vigezo vilivyotangazwa. Mfano ni Mpango wa Ruzuku Ndogo wa Mfuko wa Mazingira Duniani, GEF, ulioanza 1992 na kuendeshwa kwa miaka mingi kupitia Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP. Katika kila nchi unakofanya kazi una kamati ya taifa inayochagua miradi, na wajumbe wengi wa kamati hiyo wanatakiwa kutoka nje ya serikali: vyuo, asasi, jamii zenyewe.

Kinachoonekana kuwa "mtu ndani" mara nyingi ni mtu aliyesoma mwongozo mpaka ukurasa wa mwisho, akahudhuria mkutano wa maelezo, akauliza swali lake kwa barua pepe kabla dirisha halijafungwa. Hiyo ni njia halali, na iko wazi kwa kila mtu.

Dai la 4: "Andiko lazima liwe la Kiingereza kizito, liandikwe na mtaalamu wa mjini."

Si kweli. Mpango huo wa GEF umeruhusu maombi kwa lugha za wenyeji, na mahali pengine hata kwa video, ili jamii zisizo na waandishi zisiachwe nje. Wafadhili wengine wanataka Kiingereza, lakini hakuna anayetoa alama kwa uzito wa maneno.

Andiko la kukodi lina hatari zake. Kwanza, wasomaji wa maombi huyaona maandiko yaliyonakiliwa: kijiji kinaitwa jina moja ukurasa wa pili na jingine ukurasa wa saba. Pili, siku mfadhili akija kuwatembelea atawauliza ninyi, si yule aliyeandika. Tatu, dalali anayetaka asilimia kumi ya ruzuku mkishinda anawatia matatani, kwa sababu gharama za kabla ya mkataba kwa kawaida hazikubaliki kwenye bajeti. Mtafuteni mwalimu au kijana wa hapo hapo aliyesoma, awasaidie kunyoosha lugha, lakini fikra ziwe zenu.

Dai la 5: "Bila usajili hupati kitu."

Kweli kwa kiasi kikubwa. Mfadhili anahitaji mtu wa kusaini naye na akaunti ya benki yenye jina la kikundi. Tanzania, shirika lisilo la kiserikali husajiliwa na Msajili wa NGOs aliye chini ya wizara inayoshughulikia maendeleo ya jamii, kampuni husajiliwa BRELA, na bodi za wadhamini RITA. Kikundi cha mtaani huanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri. Kenya, Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013 ilianza kutumika tarehe 14 Mei 2024, na vikundi vya kijamii vina sheria yao ya 2022.

Njia nyingine zipo. Mjasiriamali anaweza kuomba kwa jina lake kwenye mipango kama ya Tony Elumelu. Kikundi kichanga nacho kinaweza kufanya kazi chini ya taasisi mwenyeji iliyosajiliwa, inayopokea fedha kwa niaba yake kwa makubaliano ya maandishi. Makubaliano hayo yaseme mwenyeji anabaki na kiasi gani, na nani anasaini hundi.

Dai la 6: "Ile asilimia kumi ya halmashauri ni ruzuku."

Si kweli, na kulichanganya hili kumeleta madeni mengi. Halmashauri za Tanzania hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Tangu sheria irekebishwe 2018 fedha hizo hazina riba, lakini ni mkopo. Mwaka 2023 serikali iliusitisha baada ya taarifa za ukaguzi kuonyesha vikundi hewa na fedha zisizorejeshwa, ukarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Kila kikundi kilichokula mkopo huo kikidhani ni zawadi kiliwafungia mlango wenzao waliokuwa kwenye foleni.

Kenya nako kuna mchanganyiko. Mfuko wa Uwezo, ulioanzishwa 2013, unakopesha bila riba. Mfuko wa Vijana wa 2006 na wa Wanawake wa 2007 nayo ni ya mikopo, sawa na Hustler Fund iliyozinduliwa Novemba 2022. Lakini mfuko wa NGAAF, unaosimamiwa kupitia wawakilishi wa wanawake wa kaunti, hutoa ruzuku kwa vikundi. Ofisi ni za serikali zote, masharti ni tofauti kabisa. Uliza neno moja kabla ya kusaini: inarudishwa au hairudishwi?

Dai la 7: "Ruzuku ni za mashirika ya hisani, mfanyabiashara hapewi."

Si kweli, ila mlango wa mfanyabiashara ni mwembamba. Mpango wa ujasiriamali wa Tony Elumelu, ulioanza 2015, hutoa dola 5,000 za mtaji zisizorudishwa, pamoja na mafunzo na mshauri, kwa biashara mpya na zile zenye umri usiozidi miaka mitano. Kuna pia mifuko ya ushindani kama AECF, yenye makao Nairobi na iliyoanzishwa 2008, inayosaidia kampuni za kilimo na nishati zinazowafikia watu wa vijijini. Mifuko ya aina hii kwa kawaida inataka kampuni iweke na pesa yake.

Biashara hupewa kwa sababu ya faida inayokwenda kwa wengine: ajira, wakulima waliopata soko, kijiji kilichopata umeme wa jua. Ukiandika tu kwamba unataka kupanua duka lako, umeeleza haja yako, hujaeleza yao. Kama lengo ni duka lako, benki, SACCOS au kikundi cha kuweka na kukopa ndiyo njia yako, wala si aibu.

Dai la 8: "Omba kubwa, watapunguza wenyewe."

Si kweli. Bajeti ndiyo ukurasa ambao msomaji wa maombi huutazama kwa jicho kali, kwa sababu ndiyo inayomwonyesha kama unaijua kazi yako. Tuikaribie moja tuione.

Tuseme kina mama wakulima wa mwani, wanachama 25, wanataka ghala la kuhifadhia mwani mkavu usilowane masika. Bajeti dhaifu inasema: "Ujenzi wa ghala, shilingi 10,000,000." Hakuna wa kuiamini, na hata wakipewa hawatajua waanzie wapi.

Bajeti inayosomeka huandikwa hivi:

- Mabati 40 kwa 32,000: shilingi 1,280,000
- Saruji mifuko 60 kwa 17,000: shilingi 1,020,000
- Mchanga tripu 4 kwa 150,000: shilingi 600,000
- Fundi mkuu siku 20 kwa 30,000: shilingi 600,000

Jumla inayoombwa ni shilingi 3,500,000. Kisha unafuata mchango wa kikundi: kila mwanachama atafanya kazi ya kibarua siku 6, yaani siku 150 kwa 10,000, sawa na shilingi 1,500,000. Mradi mzima ni wa milioni tano, na kina mama wameweka asilimia 30 bila kutoa noti mfukoni. Wafadhili wengi hukubali mchango wa nguvu kazi, kiwanja au vifaa, ilimradi uandikwe na uthibitishwe. Hapo kina mama waambatanishe proforma za maduka mawili au matatu, barua ya serikali ya kijiji kuhusu kiwanja, na muhtasari wa mkutano uliopitisha mchango huo. Bei ziwe za sokoni kwenu.

Msomaji akifika hapo hana haja ya kupunguza chochote. Ameona watu wanaojua tripu ya mchanga inauzwaje.

Dai la 9: "Mfadhili hatoi hela ya pango la ofisi wala mishahara."

Inategemea, na ndiyo maana mwongozo husomwa kabla ya kuandika. Ruzuku ndogo ambazo Japani hutoa kupitia balozi zake kwa madarasa, zahanati, visima na kadhalika hazilipii mishahara wala kuendesha ofisi. Wanaoziomba ni asasi, shule, hospitali na serikali za mitaa, si mtu binafsi. Umoja wa Ulaya huruhusu gharama za uendeshaji hadi asilimia 7 ya gharama za moja kwa moja za mradi. Marekani iliruhusu asilimia 10 kwa taasisi isiyo na kiwango chake maalumu, na kuanzia Oktoba 2024 ikapandisha hadi 15.

Wengi wakisikia hawatoi, huficha pango ndani ya mstari wa "semina". Usifanye hivyo. Mkaguzi akija atalikuta, na jina la kikundi litaharibika kwa pesa ambayo pengine mngepewa kama mngeiomba waziwazi. Kazi haiendi bila mhasibu, umeme na nauli, na kulisema hilo kwa heshima ni haki yenu.

Dai la 10: "Pesa ya ruzuku haina kodi wala serikali haihusiki."

Si kweli. Kusajiliwa kama NGO Tanzania hakukuondolei kodi ya mapato. Hadhi ya taasisi ya hisani chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 huombwa Mamlaka ya Mapato (TRA) na kutolewa kwa anayetimiza masharti. Kenya pia, msamaha huombwa mamlaka ya mapato ya huko, KRA. Mfanyakazi unayemlipa kwa fedha za mradi anakatwa kodi ya mshahara kama mfanyakazi mwingine, na ukinunua mahali penye mashine ya risiti za kielektroniki (EFD), dai risiti yake.

Kanuni za mwaka 2018 zilizitaka pia NGO za Tanzania zinazopata zaidi ya shilingi milioni 20 kuwasilisha mkataba kwa Msajili na Hazina ndani ya siku 10 baada ya kusaini, na kutangaza mapato na matumizi yao. Wapo wanaoliona hili kama mzigo. Litazameni kwa jicho la wanakijiji: mradi umekuja kwa jina lao, na wana haki ya kujua ulikuja na kiasi gani. Bandikeni bajeti kwenye ubao wa ofisi ya kijiji hata kama hakuna aliyewalazimisha.

Dai la 11: "Ukikataliwa mara moja, jina lako limeshachafuka."

Si kweli. Maombi mengi hukataliwa kwa sababu fedha ni chache au mradi hauendani na dirisha la mwaka huo. Andikeni barua fupi ya heshima, mshukuru na kuuliza ni wapi mlipungukiwa. Si kila mfadhili atajibu, lakini anayejibu amewapa somo la bure. Kinachochafua jina ni marejesho ya uongo. Kukataliwa hakuchafui, na mgaagaa na upwa hali wali mkavu.

Dai la 12: "Ukipata mfadhili mkubwa, umeokoka."

Si kweli, na hili limethibitishwa mbele ya macho yetu. Tarehe 20 Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya maendeleo kwa ajili ya mapitio. Kufikia Machi ilitangaza kufuta asilimia 83 ya miradi ya USAID, shirika lake la misaada, na tarehe 1 Julai shirika hilo likafikia mwisho wa kazi zake. Uingereza nayo ilitangaza Februari mwaka huo kwamba itapunguza misaada kutoka asilimia 0.5 ya pato lake hadi 0.3 ifikapo 2027. Mashirika yaliyofanya kazi zao kwa uaminifu miaka mingi, yakiwamo ya huduma za UKIMWI katika nchi zetu, yalipokea barua ya kusitisha kazi bila kosa lolote. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Ukanda wetu unayo njia ya kale ya kutoa bila kutegemea uamuzi wa mtu wa mbali. Nyumba na mashamba ya minazi yaliwekwa wakfu pwani ili mapato yake yatunze msikiti, madrasa na maskini vizazi na vizazi: mali haiguswi, tunda lake ndilo hutumika. Zanzibar ina kamisheni inayosimamia wakfu, na Kenya nayo imekuwa na makamishna wake wa wakfu. Kwa mtindo unaofanana na huo, Kenya Community Development Foundation, iliyoanzishwa 1997, imezisaidia jamii kujiwekea mifuko yao ya kudumu badala ya kungoja mradi hadi mradi.

Kikundi hakihitaji kuanza na shamba la minazi. Kianze na ada ya wanachama inayokusanywa kweli, mradi mdogo unaoingiza kitu, na desturi ya kuweka sehemu ya kila mapato. Ruzuku ikija iongeze mwendo wa kazi iliyokuwa ikienda, na ikiisha kazi isisimame.

Kwa hiyo, mwanze wapi?

Kabla ya tangazo lolote, wekeni sawa mambo matano: cheti cha usajili kilicho hai, katiba mnayoifuata, akaunti ya benki yenye wasaini zaidi ya mmoja, daftari la mapato na matumizi lisilo na mapengo, na ukurasa mmoja unaosema mnafanya nini, kwa nani, na nini kimebadilika tangu mlipoanza. Hayo hayahitaji mfadhili, na ndiyo atakayoyauliza kwanza. Kisha chagueni maombi machache yanayolingana na kazi yenu, myaandike vizuri, kuliko kutawanya ishirini yanayofanana.

Pesa hizi ziliwekwa zifike kwa watu wanaochimba visima, wanaofundisha watoto, wanaotunza mikoko na wanaofungua ajira. Kama ndiyo kazi mnayoifanya, ni haki yenu kuziomba.